Jiwe la Nyoka, Koti la Dunia na Milima ya Uluguru

Neno ofioliti ni geni kwa wazungumzaji wengi wa Kiswahili, na ugeni wake si wa sauti tu. Limetokana na maneno mawili ya Kigiriki cha kale, moja lenye maana ya nyoka na jingine lenye maana ya jiwe. Mtaalamu wa Kifaransa Alexandre Brongniart ndiye aliyeliingiza katika taaluma ya miamba mwanzoni mwa karne ya 19, akikusudia mawe ya kijani yenye mabaka na utelezi unaokumbusha ngozi ya nyoka. Mfasiri mwenye haraka angeweza kudhani kwamba kazi imekwisha: ofioliti ni "jiwe la nyoka". Lakini tafsiri hiyo, ikisomwa Morogoro, ingempeleka msomaji mahali pengine kabisa. Jiwe la nyoka linalojulikana Afrika Mashariki ni kile kipande cheusi kinachobandikwa juu ya jeraha la mtu aliyeumwa na nyoka, kwa imani kwamba kinafyonza sumu. Nacho kwa kawaida si jiwe, bali ni mfupa uliochomwa. Ndiyo maana katika mhadhara huu neno la Kigiriki linaachwa na sura yake, likivishwa irabu za Kiswahili, na linabaki kuwa ofioliti.

Hata hivyo suala lenyewe si la istilahi peke yake. Nyuma ya neno hili lipo swali ambalo wanajiolojia wameliuliza kuhusu mashariki mwa Tanzania kwa muda mrefu, na ambalo mwenyeji wa Morogoro anayeitazama milima ya Uluguru kila asubuhi ana haki ya kulisikia kwa lugha yake: je, mahali hapa palikuwa na bahari kuu iliyofungika? Na kama ilikuwapo, sakafu yake ilikwenda wapi?

Kwanza uelezwe muundo wa dunia. Sehemu ya nje kabisa ni gamba, ambalo chini ya mabara lina unene wa kilomita 35 hadi 40 kwa wastani, na chini ya bahari kuu kilomita 6 au 7 tu. Katikati ni kiini. Baina ya gamba na kiini ipo sehemu kubwa kuliko zote, inayoshuka hadi kina cha takriban kilomita 2,900, na ambayo hapa inaitwa koti la dunia. Wapo watakaoona kwamba koti ni neno dogo kwa kitu kikubwa kiasi hicho. Lakini Wajerumani huiita sehemu hiyo kwa neno lao la kila siku lenye maana ya koti, wala hakuna mwanafunzi wa Kijerumani aliyewahi kudhani kwamba dunia ina vifungo. Mpaka baina ya gamba na koti uligunduliwa mwaka 1909 na Andrija Mohorovičić wa Croatia, aliyebaini kwamba mawimbi ya tetemeko la ardhi huongeza mwendo ghafla yanapofika kina fulani. Kwa heshima yake mpaka huo huitwa Moho.

Koti si uji wa moto, kama inavyosimuliwa mara nyingi madarasani. Ni mwamba mgumu, ingawa kwa sababu ya joto unaweza kujongea polepole sana kwa mamilioni ya miaka. Jina la jumla la mwamba huo ni peridotiti, na madini yanayotawala ndani yake ni olivini, yenye rangi ya kijani. Hapa Kiswahili kina akiba ambayo wengi wameisahau. Olivini safi, inayochongwa kuwa kito, kwa Kiarabu huitwa zabarjad. Na neno zabarajadi limo katika Biblia ya Kiswahili, kitabu cha Kutoka sura ya 28, miongoni mwa vito vya kifuko cha kifuani cha kuhani. Kamusi za zamani zimelifasiri kwa namna zinazotofautiana, jambo la kawaida kwa majina ya vito. Hata hivyo katika Bahari ya Shamu, karibu na pwani ya Misri, kipo kisiwa kiitwacho Zabargad, ambako peridotiti ya koti la dunia imejitokeza juu ya maji, na ambako kito hicho kilichimbwa tangu zama za kale. Neno la madini makuu ya koti, basi, lilikuwa limekwisha kuingia katika Kiswahili kupitia lugha ya dini kabla taaluma ya miamba haijalihitaji.

Sasa kuhusu asili ya ofioliti. Chini ya bahari kuu ipo mipasuko mirefu ambako mabamba mawili ya dunia hutengana. Yanapoachana, koti lililo chini hupanda kujaza nafasi. Kinachofuata huwashangaza wengi: mwamba huo huyeyuka bila kuongezewa moto. Huyeyuka kwa sababu umepunguziwa mzigo, kwani kadiri shinikizo linavyopungua ndivyo kiwango cha joto kinachotakiwa ili mwamba uyeyuke kinavyoshuka. Wala hauyeyuki wote. Huyeyuka sehemu ndogo, kiasi cha asilimia 10 hadi 20 hivi.

Mfano wa jikoni unaweza kusaidia. Mnofu wenye mafuta ukiwekwa juu ya jiko la mkaa, mafuta hutangulia kudondoka, na kinachobaki juu ya wavu ni nyama kavu zaidi, ngumu zaidi. Mafuta yaliyotoka hapa ni magma, ambayo hupanda na kuganda kuwa gamba la bahari. Nyama iliyobaki ni koti lililokamuliwa. Peridotiti ambayo bado ina "mafuta" yake huitwa lezoliti, kwa jina la Lherz, mahali penye ziwa katika milima ya kusini mwa Ufaransa. Ile iliyokamuliwa huitwa hazibagiti, kwa jina la mji wa Harzburg huko Ujerumani. Na ile iliyobaki karibu olivini tupu huitwa duniti, kwa jina la mlima Dun wa New Zealand. Msomaji ataona kwamba majina haya yanayoonekana ya kitaalamu mno ni majina ya vijiji, miji na vilima vya watu. Afrika Mashariki nayo imechangia kwa njia hiyohiyo: mwamba wa kijani wenye yakuti nyekundu unaochimbwa Longido huitwa anyoliti, kutokana na neno la Kimaasai linalohusu rangi ya kijani.

Magma inapopanda, sehemu yake huganda taratibu ndani ya gamba na kuwa gabro. Sehemu nyingine hujipenyeza katika nyufa zilizosimama wima, ufa kando ya ufa, na kufanya kuta nyembamba zilizopangana kama karatasi za daftari. Inayofika sakafuni hukutana na maji baridi na kuganda kwa umbo la mito ya kulalia. Juu yake hutuama tope laini la bahari kuu. Mfuatano huo, kuanzia peridotiti chini hadi mashapo juu, ndio ambao mkutano wa wanajiolojia uliofanyika Marekani mwaka 1972, unaojulikana kwa jina la Penrose, uliuafiki kuwa maana ya ofioliti: kipande cha gamba la bahari pamoja na koti lake, kinachokutwa nchi kavu.

Mahali pa kuuona mfuatano huo ukiwa umekamilika ni Oman, na kwa wasomaji wa Kiswahili mahali hapo si ugenini kabisa. Wapo Waomani wengi, hasa wenye asili ya kuishi Zanzibar na Bara, wanaozungumza Kiswahili nyumbani mwao Maskati na kwingineko. Msafiri anayetoka Maskati kwenda Nizwa hupita katika bonde la Samail, na vilima vya rangi ya kahawia iliyokoza vinavyomzunguka ni koti la dunia lenyewe. Ofioliti ya Samail ina urefu wa takriban kilomita 500, nayo ni miongoni mwa kubwa na zilizo wazi zaidi duniani. Inafaa kuongeza kwamba Jabal al-Akhdar, yaani mlima wa kijani, ulio jirani, si sehemu ya ofioliti hata kidogo; ni wa mawe ya chokaa, na ukijani wa jina lake haumo katika miamba hii. Neno jabal lenyewe ndilo jabali la Kiswahili, ambalo katika safari yake ya kuvuka bahari lilipungua kutoka mlima mzima hadi mwamba mmoja mkubwa.

Ugumu wa nadharia unaanzia hapa. Bamba la bahari ni zito, na linapokutana na bara kwa kawaida huzama chini yake. Vipi basi kipande cha Samail, pamoja na koti lake, kikakwea juu ya ukingo wa Arabuni? Na kabla ya kukwea, kilizaliwa katika mazingira gani? Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kila ofioliti ni sakafu ya kawaida iliyozaliwa katikati ya bahari. Mwaka 1973 Mjapani Akiho Miyashiro aliivuruga hali hiyo. Alichunguza kemikali za lava za Troodos, Cyprus, akahoji kwamba hazifanani na za katikati ya bahari, bali na za visiwa vya volkano vinavyotokea juu ya bamba linalozama, kama vile visiwa vya Japani. Alipingwa vikali. Leo wataalamu wengi wanakubali kwamba ofioliti nyingi mashuhuri zilizaliwa juu ya bamba lililokuwa linaanza kuzama.

Hoja hiyo inasimama juu ya jambo moja linaloeleweka bila hesabu nyingi, nalo ni maji. Bamba linalozama hushuka na maji yake, na maji hayo yanapotoka na kuingia katika koti lililo juu, hulifanya liyeyuke zaidi kuliko ambavyo lingeyeyuka kwa kupunguziwa mzigo tu. Mnofu unakamuliwa mara ya pili. Alama ya kukamuliwa huko hubaki katika punje ndogo nyeusi za spineli zilizomo ndani ya hazibagiti: kadiri mwamba ulivyoyeyuka zaidi, ndivyo kromi inavyozidi alumini katika punje hizo. Kwa hiyo mtaalamu mwenye punje chache anaweza kukadiria mwamba wa koti ulipitia nini, hata kama lava zake zimekwisha kumomonyoka zote.

Huko Oman lava za chini zinakaribiana na zile za katikati ya bahari, na za juu yake zina alama za maji ya bamba linalozama. Umri wa zirkoni unaonyesha kwamba gamba lilizaliwa miaka milioni 96 hadi 95 iliyopita. Mwaka 2018 ulichapishwa umri wa ganeti zilizomo katika miamba iliyobanwa chini kabisa ya ofioliti hiyo, nao ukawa kama miaka milioni 104. Kama umri huo ni sahihi, kuzama kulitangulia na kuzaliwa kwa gamba kukafuata, takriban miaka milioni 8 baadaye. Ofioliti ya Samail, kwa mtazamo huo, haikuwa bahari kuu iliyozeeka ndipo ikafungwa. Ilizaliwa wakati kufungwa kumekwisha kuanza, ikiwa bado changa na yenye joto, na ndiyo sababu iliwahi kukwea kabla ya kuzama.

Turudi Morogoro. Mnamo katikati ya karne ya 20 Mwingereza Arthur Holmes aliutenga ukanda mrefu wa miamba ya kale upitao mashariki mwa Afrika, akauita ukanda wa Msumbiji. Uluguru imo ndani yake, pamoja na Pare, Usambara na Ukaguru. Baadaye ilikubalika kwamba ukanda huo ni kovu la kuungana kwa mabara ya kale yaliyokuja kuitwa Gondwana, na bahari iliyokuwa baina yao ikapewa jina la Bahari ya Msumbiji. Isichanganywe na mlango wa bahari wa leo ulio baina ya Msumbiji na Madagaska, ambao ni mdogo kwake kwa umri kwa mamia ya mamilioni ya miaka.

Mwanafunzi aliyekwisha kusoma habari za Oman angepanda Uluguru akitafuta lava zenye umbo la mito na mawe yenye ngozi ya nyoka. Asingeyaona. Miteremko ya kaskazini, ile inayoitazama Morogoro mjini, ni granuliti zenye honblendi na piroksini. Upande wa Mgeta ipo anothositi, mwamba mweupe uliojaa felspa, ambao nao umegeuzwa na joto. Matombo yako marumaru yenye yakuti nyekundu na spineli. Na katika sehemu mbalimbali za milima hii ulichimbwa ulanga, yale madini yanayobanduka kama karatasi, tangu enzi za Wajerumani. Ulanga ni neno la Kiswahili la zamani, lisilokopwa kutoka kitabu chochote cha jiolojia. Ingawa jina la Wilaya ya Ulanga lisichukuliwe haraka kuwa ushahidi wa lolote, kwa kuwa kufanana kwa sauti si ukoo.

Marumaru ndiyo huwashawishi watu. Marumaru ni mawe ya chokaa yaliyopikwa, na mawe ya chokaa hutuama baharini; basi Matombo palikuwa na bahari. Hoja hii ni sahihi, lakini haifiki pale inapotakiwa. Mawe ya chokaa mengi hutuama katika maji ya kina kifupi, juu ya ukingo wa bara, kama yale ya matumbawe ya pwani ya Tanzania leo. Marumaru inathibitisha kuwapo kwa maji ya chumvi, wala haithibitishi sakafu ya bahari kuu na koti lake. Vivyo hivyo anothositi isidhaniwe kuwa gabro ya ofioliti kwa sababu tu nayo iliganda kutokana na magma.

Kutoonekana kwa ngozi ya nyoka nako si ushahidi wa kukosekana kwake. Serpentini, madini yanayoupa mwamba utelezi na mabaka, hutokea olivini inapokutana na maji katika joto la kadiri. Joto likizidi nyuzi 600 au 700 hivi, serpentini huvunjika, maji hutoka, na olivini hurudi. Mwaka 1998 watafiti Peter Appel, Andreas Möller na Volker Schenk walichapisha makadirio kwamba granuliti za mashariki mwa Tanzania, Uluguru ikiwamo, zilipikwa kwa joto la nyuzi 800 hivi, chini ya shinikizo linalolingana na kina cha kilomita 35 hivi. Katika tanuri hilo nyoka yeyote angepoteza ngozi yake. Lava zingegeuka kuwa granuliti ambayo kwa macho haitofautiani na granuliti nyingine yoyote.

Watafiti hao walisema jambo jingine lenye uzito zaidi. Milima inayotokana na mgongano wa mabara kwa kawaida huwa na miamba inayopanda upesi baada ya kuzikwa, shinikizo likishuka huku joto likiwa bado juu. Granuliti za mashariki zilipoa papo hapo zilipokuwa, kule chini, bila kupanda upesi. Kwa hiyo walihoji kwamba hazikupikwa na mgongano wa mabara, bali na magma nyingi iliyojikusanya chini ya gamba kwenye ukingo wa bara, mahali ambapo bamba la bahari lilikuwa likizama. Umri wa kupikwa huko ni takriban miaka milioni 640. Miongoni mwa waliotangulia kupima umri wa zirkoni za miamba hii alikuwa Sospeter Muhongo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baadaye Waziri wa Nishati na Madini, aliyechapisha matokeo pamoja na J.-L. Lenoir mwaka 1994.

Ikiwa hoja ya Appel na wenzake inasimama, basi swali la mwanzo linageuka. Uluguru si sakafu ya bahari. Ni mizizi ya ukingo uliokuwa ukiimeza sakafu hiyo. Mlaji hatafutwi tumboni mwake kile ambacho kimekwisha kuyeyushwa. Mabaki yake hutafutwa pembeni, pale mabamba yaliposhonana. Na mshono huo haujakubalika uko wapi: wengine wanauweka magharibi mwa milima hii, ambako granuliti zina historia tofauti na umri mdogo zaidi wa kupikwa, kama miaka milioni 550, wengine wanauvusha hadi Madagaska.

Mabaki yenyewe yapo, lakini vipandevipande. Mwaka 1983 J. R. Vearncombe alieleza ofioliti iliyosambaratika huko Pokot Magharibi, Kenya. Upande wa Tanzania ipo miamba ya asili ya peridotiti katika milima ya Pare, ambako magnesaiti hupatikana Chambogo, na huko Haneti, kaskazini mwa Dodoma, panapojulikana kwa kito cha kijani kiitwacho krisoprasi, kinachopata rangi yake kutokana na nikeli. Tahadhari inahitajika hasa kwa Haneti. Magma yenye magnesi nyingi inaweza kupenya ndani ya bara na kuganda huko, ikafanya mwamba unaofanana na wa koti bila kuwa umewahi kuwa sehemu ya koti. Rangi ya kijani haitoshi, wala serpentini haitoshi. Hutakiwa hazibagiti iliyovutwa na kukunjwa wakati ingali moto, spineli zenye kemikali zinazostahili, na mpaka wa chini unaoonyesha kwamba mwamba uliburuzwa hadi hapo ulipo.

Iko pia Isimani, mkoani Iringa, yenye miamba iitwayo eklojiti ambayo kemikali zake zinafanana na za lava za katikati ya bahari, na ambayo mwaka 1995 ilielezwa kuwa na umri wa takriban miaka bilioni 2. Ni ya zamani mara tatu kuliko kupikwa kwa Uluguru, na ni miongoni mwa ushahidi wa kale wa bamba kuzama. Lakini hiyo ni bahari nyingine.

Moho chini ya mabara iko kilomita 35 hadi 40 kwenda chini. Kilele cha Lupanga, kinachoinuka zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari nyuma ya mji wa Morogoro, ni cha granuliti zilizopikwa kwenye kina kama hicho. Anayetoka mjini akapanda njia ya msituni hadi kileleni anakuwa amesimama juu ya miamba iliyokuwa chini kabisa ya gamba, jirani na koti, kabla nyufa na mmomonyoko havijaifunua.